Prisca, Aliyemwita Baba Mkwe kwa Jina

Mchungaji, wazee wa kanisa, mwenyekiti wa kijiji, wakwe zetu wa Masoko, na ninyi nyote mliokanyaga tope tangu asubuhi kuja kutushika mkono, familia ya Mzee Lukasi Mwambene wa Nkunga imemtuma kaka mkubwa wa marehemu, Abrahamu, awasomee maisha ya dada yake, naye anaomba mapema mumvumilie, kwa sababu si mtu wa maneno laini hata siku za furaha, na leo ndiyo kabisa.

Prisca alizaliwa Nkunga tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa nne wa Mzee Lukasi na binti pekee kati ya wavulana, akalelewa kwenye migomba na chai, akabatizwa mwaka huohuo, na tangu akiwa mdogo alikuwa mtoto wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye, hata mama yetu akawa anamfukuza kanisani akacheke nje, kisha anamfuata huko nje na kucheka naye.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1997 katika shule ya msingi ya kijijini na kumaliza mwaka 2003, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akalia sana, na baada ya kulima nyumbani kwa muda alipelekwa Tukuyu mwaka 2005 kujifunza cherehani kwa Mama Sauda, mfanyabiashara wa vitambaa, mama wa Kiislamu aliyempokea kama mwanawe wa kumzaa, akamfundisha kazi, akamgombeza alipostahili, na kila Idi akatutumia pilau Nkunga mpaka tukaanza kuihesabu kuwa sikukuu yetu.

Mwaka 2008 alipata baraza lake mwenyewe mjini, akashona sare za shule, majoho ya kwaya na nguo za harusi za nusu ya mabibi harusi wa upande huu, na wengi wenu mliokaa hapa mmevaa mkono wake, wengine hata leo hii.

Tarehe 23 Juni 2012 alifunga ndoa na Ackson, mtoto wa fundi seremala wa hapa Masoko, Mungu akawajalia watoto watatu, Hellen aliyezaliwa 2013, Baraka aliyezaliwa 2016, na Anyosisye aliyezaliwa 2020, ambaye tangu jana anauliza kwa nini mama amelala sebuleni na watu wote hawa wanamtazama tu.

Hapa vijana wanahitaji kuelezwa jambo, maana siku hizi wengi wenu mnakula sahani moja na wakwe zenu. Prisca aliolewa katika nyumba inayoshika desturi ya kumwogopa baba mkwe, ile wazee wanayoiita ukutila, ambayo mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba wa mumewe, hamtazami usoni, hasemi naye, na akimwona anakuja njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite, na zaidi ya yote hatamki jina lake wala neno linalofanana nalo, na kwa kuwa baba mkwe anaitwa Ambindwile, dada yetu, fundi cherehani mzima, aliishi miaka karibu kumi na mitatu bila kutamka pinda wala pindo, maneno yanayokaribiana na jina hilo. Wateja walimletea suruali ndefu wakamtega makusudi, wakitaka aseme atapinda nini, naye akasema atakunja huku chini, watu wakavunjika mbavu pale barazani na yeye akacheka kuliko wote. Hakulazimishwa na mtu. Alisema mzee yule anastahili.

Na kweli walipendana, baba na mkwe wake, ila mapenzi yao yalipita kwa watoto, kwa mama mkwe, na miaka hii miwili ya mwisho yakapita kwenye tanga la mashua. Mzee Ambindwile alijifunza kuunda mashua ujanani akifanya kazi bandarini Itungi, na kwa kuwa mbao nzuri ziko huku juu, aliunda mashua hapahapa uani, milimani, mbali na ziwa, kisha zikashushwa kwa lori mpaka Matema, kijiji kizima kikamwita Nuhu na kumuuliza kama ameambiwa kitu kuhusu mvua za mwaka huu. Alitandika kitambaa cha tanga uani, akachora kwa chaki, akaondoka, ndipo Prisca akatoka na kushona. Siku moja aliona mkato umekosewa, na kwa kuwa hawezi kumwambia, akapitisha uzi mwekundu mahali alipoona panafaa na kurudi ndani, mzee akaja, akatazama, akacheka peke yake kwa sauti mpaka mama mkwe akatoka kuona kuna nini, kisha akakata kwenye uzi mwekundu.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, ndugu zangu. Mvua ilinyesha usiku kucha na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Waya wa umeme unapita juu ya ua ule, na siku zote mzee alikataa kusimamisha mlingoti pale, alisema utasimamishwa ufukweni Matema na si kwingine, lakini wenye mashua walikuwa wamepiga simu wanataka kuiona ikiwa imekamilika kabla lori halijaja, na mzee akasema leo moto haupo, tuusimamishe upesi, tuupime, tuushushe. Kila mtu akaona ni akili. Walikuwa wanne, mzee, Ackson, na majirani wawili, na mlingoti ulikuwa wa mkaratusi mbichi uliolowa mvua, wenye pete ya chuma kileleni na nyaya za chuma za kuushikilia zikining'inia pande zote.

Prisca alikuwa ndani kwenye cherehani yake, na mlingoti ulikuwa umeshanyanyuka unakaribia waya, ndipo taa ya juu ya kichwa chake ilipowaka. Watoto wakapiga kelele umerudi, umerudi, kama wanavyopiga watoto wote wa Rungwe, na wale wanne kule nje wakasikia kelele za watoto wakacheka, hawakufikiri ni kelele za nini. Yeye alielewa. Alitoka mbio, akamwita mumewe, mumewe hakusikia kwa sababu ya wale waliokuwa wakihimizana wavute, na mbele yake, akimpa mgongo, alikuwa mzee amekumbatia mlingoti kwa mikono miwili. Basi akalitamka. Akaita Ambindwile kwa sauti yake yote, mpaka watu wa ng'ambo ya bonde wakasikia.

Mzee aligeuka kwa mshtuko, anasema hakuelewa kama ameitwa na mtu au na malaika, mikono yake ikaachia, wenzake walipoona ameachia nao wakaruka pembeni, na mlingoti ukaenda ukalala kwenye waya wa umeme bila mtu hata mmoja kuushika. Wanaume wanne walisalimika. Lakini waya mmoja wa chuma uliokuwa ukining'inia uliyumba ukamfikia yeye aliyekuwa anakuja mbio, ukamchoma mkono, ubavu na mguu, na Ackson akamwondoa kwa kuusukuma waya kwa ubao mkavu aliouchomoa chini ya mashua.

Alipelekwa hospitali ya wilaya, kisha Mbeya, na huko alitibiwa kwa bidii, vidonda vya nje vikaanza kukauka, lakini madaktari walituambia moto umepita ndani na figo zimeumia. Maumivu aliyavumilia. Lililomtesa lilikuwa jingine, kwa sababu alijua amelitamka jina la mkwe wake mbele za watu, na kila aliyeingia wodini alimwuliza swali hilohilo, kama baba amekasirika, tukamwambia hapana, Ackson akamwapia kwamba hapana, mama mkwe akapiga magoti kando ya kitanda akamwambia hapana, naye akasema anataka kusikia kwa baba mwenyewe. Na walikuwepo, nasema tena walikuwepo, watu wa hapahapa walionong'ona kwamba moto ule ni adhabu ya jina, na kaka yake anawaambia mbele ya jeneza hili kwamba waone haya, ule ulikuwa umeme tu, haujui baba mkwe wala mke wa mtoto.

Mzee naye alikuwa hapo nje, kwenye benchi la korido, haingii. Aliogopa akiingia atamwongezea dada yetu aibu juu ya maumivu, akawa anasubiri wazee wa ukoo wakae waseme namna ya kuwafungua na mwiko ule, na wazee wakasubiri mvua ipungue. Alirudi nyumbani mara kwa mara, na hakuna aliyemwona akilala, maana umeme ulikuwa umeshuka kwa mlingoti mpaka chini ukapasua mbao za tumbo la mashua na kuyeyusha lami iliyoziba maungio, nyaya zikagandana, tanga likatoboka, naye akang'oa mbao zilizoungua, akaweka mpya, akaziba, akapaka, na asubuhi akamtuma Ackson akamwambie mgonjwa kazi ilipofika. Tanga peke yake hakuligusa. Alisema lina mwenyewe.

Jumatatu tarehe 3 Machi hali ilibadilika, na mzee alipoambiwa hakumsubiri mzee mwenzake yeyote, alivua kofia akaingia wodini. Prisca aliijua hatua yake. Hakuwa na nguvu ya kunyanyua kikombe, lakini alipoisikia alivuta kitenge akajifunika uso, kwa heshima, kama alivyofanya siku zote. Mzee akasimama kando ya kitanda akamwambia mwanangu, sina hasira, jina ni lako, liite unavyotaka, mimi ninaishi kwa kuitwa na wewe, akamwomba ajifunue, akaomba tena, akalia, na Ackson alipokifunua kitenge mke wake alikuwa ameshatuacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tukuyu na Mbeya, majirani waliobeba machela kwenye utelezi, mafundi cherehani wenzake waliofunga mabaraza yao leo, kwaya, na Mama Sauda, aliyemshonea nguo aliyolala nayo. Tunawaomba pia, msisimamishe kitu kirefu chini ya waya, umeme uwepo usiwepo, kwa maana unaporudi haupigi hodi.

Jana baba mkwe alimwita kaka wa marehemu pembeni akamuuliza neno moja tu, kama kitenge kilitikisika alipokuwa anasema, apate kujua kama alisikiwa. Ackson, aliyekuwa amekaa upande wa kichwani pa kitanda siku ile, anasema kilitikisika. Kaka naye alikuwemo wodini, amesimama miguuni, alikitazama muda wote ule, na mzee alipomshika mkono akitaka jibu, alimwambia kilitikisika, baba. Prisca, Bwana ndiye anayejua. Pumzika kwa amani.