Sindano Isiyo na Dawa

Nesi aliyeketi mbele yangu kwenye gari la kwenda Kabati alikuwa ametoka mafunzoni, wiki mbili za sindano za Kichina za kupunguzia wagonjwa wa kansa kichefuchefu.

"Sindano yenyewe iko na dawa gani?" akauliza mama aliyeketi kando yake, aliyeshika mfuko wa karatasi tangu Kitui kwa sababu gari humtapisha.

"Haina dawa, mwaitu," nesi akamwita mama kwa Kikamba. "Ni sindano tu."

"Wiki mbili mnafundishwa kudunga watu bure? Mzee wangu amekataa kurudi kemo, ile dawa ya kansa, juu ya kutapika. Nimpelekee sindano tupu?"

Nesi akasema haichukui nafasi ya kemo, inamsaidia tu aimalize. Kisha akapima vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wa mama, akamwonyesha pa kubana na kidole gumba. Mama akabana, huku akibisha kwenye kila kona ya barabara. Mimi nilikuwa nikiuchunga ule mfuko.

Kabati tukasimama. Mfuko ulikuwa mkavu.

"Hujatapika," nesi akasema.

"Ni vile sijakula."

Mama akashuka. Kikapu chake ilibidi nimshushie mimi, maana mikono yake yote miwili ilikuwa bado kazini, mmoja ukiubana mwingine.