Daktari Ngazi Anatuacha na Pumzi Zetu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, daktari wetu wa moyo anastaafu. Jina lake halisi liko kwenye kibao cha mlangoni, lakini nani analitumia? Kwetu yeye ni Daktari Ngazi. Na kwa kuwa wasomi wote wa jengo hili wamesema wako bize, kalamu imemwangukia msukuma machela maridadi kuliko wote. Mna bahati!

Kazi yake ilikuwa kutabiri. Mgonjwa wa saratani ya damu, kabla ya kupandikizwa seli shina, zile changa zinazozalisha damu, hupewa dawa kali za kusafisha uboho wa mifupani, na dawa hizo haziuulizi moyo kama uko tayari. Daktari Ngazi ndiye aliyeuuliza. Aliangalia umri, presha, dawa za zamani, picha ya moyo na damu, akajumlisha alama, akasema moyo upi utaleta fujo. Alama hizo alizitunga yeye na wenzake. Leo hospitali nyingine wanazitumia kama vile wamezaliwa nazo.

Halafu akaongeza la kwake: kila mgonjwa apande naye ngazi hadi ghorofa ya tatu huku wakipiga soga. Daktari mwenyewe, mama wa watu na unene wake, na viatu vya kisigino, aliwaacha madaktari vijana wakihema kama pampu ya baiskeli.

Sasa msikie ya fundi cherehani mmoja, mgonjwa wetu. Alama zake zilikuwa safi, na dada yake wa kumtolea seli alikuwa ameshafika. Kwenye ngazi alituvunja mbavu. Kila kona anasimama: shikamoo mama, habari za kazi kaka, na wewe hiyo suruali kakushonea adui yako? Mwandishi wa haya alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari hakucheka. Alimwomba arudie, safari hii bila kumsalimia mtu. Hata ghorofa ya pili hakufika. Salamu zote zile zilikuwa za kutafutia pumzi!

Kikaoni kukawaka. Mkuu wa wodi alisema saratani, hata ikitulizwa kwa dawa kama hii, haingoji mtu, na alikuwa sahihi. Daktari Ngazi akashikilia kwamba moyo ule utagoma katikati ya safari. Akaomba wiki chache za kuutibu kwanza, akapewa. Dada mtu alilia koridoni, na daktari akakaa naye benchi moja, bila kumwahidi kitu. Kila majibu ya damu yalipokuja, wodi nzima roho mkononi.

Saratani haikurudi. Seli zikaingia. Siku chache baadaye moyo ukaanza kupiga ovyo, vilevile alivyotabiri, ila ulitukuta macho kodo na dawa kando ya kitanda. Fundi akapona. Siku hizi anapanda mpaka juu, na salamu anatoa huku anatembea.

Tusimsifu kupita kiasi: kwenye mpira hajawahi kutabiri. Timu akiitaja tu, imekwisha.

Ijumaa fundi atakuja na gauni alilomshonea. Vipimo kakisia kwa macho tu, na ameapa halitabana. Tutaona bingwa wa kutabiri ni nani!

Asante, Mama, kwa mioyo yote uliyoiwahi. Upate nyumba isiyo na ghorofa na usingizi usiokatizwa na simu. Na mgeni akikusalimia mno mlangoni, tafadhali, mpime.