Ushuhuda Nilioutoa Kabla ya Dawa Kwisha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba msipige makofi bado. Makofi mlishanipigia papa hapa mbele ya madhabahu, na leo nimesimama kuyarudisha.

Kwa wageni, mimi ni Mama Imali wa mtaa wa Jericho, hapa Nairobi. Mume wangu ni fundi kwenye karakana ya reli. Wenyeji hamna haja ya kuelezwa, maana mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo hata kabla mchungaji hajamaliza kusema amina. Mdomo wangu hauna breki. Na ni mdomo huu huu ulioniponza.

Nilikuwa naumwa kifua kikuu. Nalitaja jina lake leo, kwa sababu wakati ule sikulitaja. Nikiulizwa nilisema ni vumbi la Jogoo Road. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inachomoka nikifua nguo. Siku moja nilikohoa, nikaona damu kwenye kitambaa, nikajua nimekwisha. Mume wangu alinipeleka kliniki, nikaanzishiwa sindano za kila asubuhi na vidonge. Daktari aliniambia nitatumia dawa mwaka mmoja na nusu. Mwaka mmoja na nusu! Nilidhani ananitania.

Na kanisa mliniombea. Mchungaji alituita wagonjwa mbele, mkatuombea, wengine mkilia. Sijasahau hilo na sitalisahau. Basi baada ya miezi miwili kikohozi kikaisha. Nikawa nakula ugali na kuomba mwingine, nguo zikaanza kunikaa mwilini. Jumapili moja nikasimama hapa, nikasema nimepona kabisa. Mkaitikia haleluya. Ile haleluya ikanipanda kichwani, ndugu zangu! Nikafungua mkoba, nikatoa vidonge vyangu vyote, nikavimwaga ndani ya kikapu cha sadaka. Nikasema, "Sivihitaji tena! Daktari wangu ni Yesu!" Vigelegele vikatoka hadi nje. Mweka hazina wetu, maskini, alibaki akichambua vidonge kati ya sarafu. Na kliniki kwa sindano sikukanyaga tena.

Hakuna aliyenituma. Mchungaji hakuniambia niache dawa, na Biblia haikuniambia. Ni mimi niliyetaka ushuhuda wangu uwe mkubwa kuliko wa wenzangu.

Haikupita miezi mitatu, kikohozi kikarudi.

Ningefanya nini? Kliniki ilikuwa palepale, dawa zilikuwa palepale. Lakini nirudi kwa miguu gani? Kila mtu Jericho alijua nimeponywa. Nilikuwa nikienda sokoni watu wananionyesha kwa watoto wao, "Ni yule mama aliyeponywa." Nikajiambia, nikirudi kwenye dawa, watu watasema Mungu hakufanya kitu. Nilijidanganya kwamba nalinda heshima ya Mungu. Nilikuwa nalinda yangu!

Basi nikawa fundi wa kuficha. Kikohozi kikinijia nyumbani, nilikimbilia redio na kuipandisha sauti. Hapa kanisani nilianzisha wimbo, nikifika mstari wa pili pumzi inakatika, nafunika uso kwa leso, ninyi mnadhani nimeguswa na Roho. Mume wangu akiniuliza, nilisema ni moshi wa jiko. Na muda wote huo Imali wangu, mwenye miaka mitatu, alikuwa hanitoki mgongoni. Nilimpulizia uji kwa pumzi yangu. Nilimbusu. Niliomba usiku na mchana Mungu aniponye kwa siri, ili nisiaibike.

Mungu hakukubali kufanya siri na mimi. Alimtuma Mama Njeri.

Mama Njeri mnamjua, ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, mwuzaji wa sukuma wiki pale soko la Jericho. Alitoka Murang'a akiwa msichana na hakupata kukanyaga shule. Sasa, akina mama wa kikundi cha Alhamisi tuna lile sanduku letu la vitabu. Kila mmoja huazima kimoja, na Alhamisi inayofuata husimama akaeleza alichojifunza. Mama Njeri siku zote alikuwa akipisha wengine. Alhamisi moja akainuka, akapekua sanduku zima, akatoka na kitabu kisicho hata na jalada, kinachoeleza magonjwa ya nyumbani. Akaja nacho moja kwa moja mlangoni kwangu.

"Mama Imali, mimi kusoma sijui," akasema. "Na Alhamisi wataniuliza. Nisomee, tafadhali."

Mimi tena! Nikapangusa kiti, nikakaa kama mwalimu. Nikataka kuanza mwanzo, kwenye minyoo. Akanishika mkono, akafungua mwenyewe ukurasa wenye picha ya mtu amejiziba mdomo kwa kitambaa.

"Anza na hii."

Nikasoma. Kitabu kilieleza kifua kikuu kwa maneno mepesi ambayo hata mtoto angeelewa. Kilisema mgonjwa hupata nafuu mapema, akadhani amepona, kumbe vijidudu vingine bado vimo ndani vimetulia tu. Akiacha dawa hapo, ugonjwa hurudi ukiwa mkaidi zaidi. Nikataka kugeuza ukurasa. Mama Njeri akasema, "Soma tena hapo, sijashika vizuri." Nikasoma tena. Akashukuru, akaenda zake.

Kesho yake amerudi. Amesahau, anasema. Ukurasa uleule! Siku ya tatu, ukurasa uleule! Nikaanza kukasirika moyoni, nikisema mama huyu ana kichwa kigumu namna gani. Lakini siku hiyo ya tatu akaniambia niendelee mpaka chini kabisa. Chini kulikuwa na habari ya watoto. Kitabu kilisema mtoto anayeishi na mgonjwa asiyetumia dawa yuko hatarini kuliko wote nyumbani, na isingojwe mpaka azidiwe ndipo apelekwe kupimwa.

Imali alikuwa amekaa sakafuni akichezea vifuniko vya soda. Akakohoa. Nilikuwa nimekisikia kikohozi kile juma zima na kukiita mafua.

Kitabu kikanianguka. Nikalia, ndugu zangu, nikalia kama mfiwa. Nikamwambia Mama Njeri kila kitu. Hakuniuliza swali hata moja. Alimbeba Imali, akamfunga mgongoni kwa khanga yake, akasema, "Vaa viatu. Tunaenda sasa hivi. Sukuma zitaningoja."

Kliniki walitupima sote wawili. Mimi nilikuwa nimerudi nyuma vibaya. Na Imali alikuwa na ugonjwa uleule. Mtoto wangu alikuwa ameupata kutoka kwangu. Nimejaribu kulisema hili mbele ya kioo mara nyingi na kila mara nalia, kwa hiyo mnivumilie. Mimi mama yake, niliyetangaza uponyaji mbele yenu, nilimwambukiza mtoto wangu kwa sababu ya kuogopa macho yenu. Muuguzi hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Nilimwambia mume wangu jioni ileile. Aliuliza tu dawa ni saa ngapi. Toka siku ile, kabla ya kwenda kazini, alikuwa akisimama mlangoni mpaka atuone tumemeza. Kisha nikaenda kwa mchungaji, nikamweleza. Aliniambia na yeye alikosa, angepaswa kuniuliza siku ile kikapu kilipojaa vidonge. Tukapiga magoti pamoja. Kisha akasema, "Maliza dawa kwanza. Ushuhuda utakungoja."

Nikaanza upya, sindano kwa sindano. Imali naye alichomwa, akilia mpaka mtaa mzima unajua. Nilimfundisha kuimba kila sindano inapokuja, na siku nyingine nilishindwa kuimba, akaniimbia yeye.

Siku moja, nimeshapata nguvu, nilimwuliza Mama Njeri kwa nini katika sanduku zima alichagua kitabu kile. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Imali, ukuta ya hizi nyumba za council ni nyembamba. Redio yako inapanda sauti hata wakati wa matangazo ya vifo. Nikajua huyu mama hasikizi redio."

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Ungekubali? Wewe ulikuwa umeshasema kanisani. Na mimi ni nani, muuza mboga? Nikaona heri ujiambie kwa mdomo yako mwenyewe. Kusoma sijui, lakini picha ya mtu anakohoa naijua."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipomwona Mungu. Nilimtafuta kwenye haleluya, kumbe alikuwa upande wa pili wa ukuta, anasikiliza kifua changu.

Juzi daktari ametufungia kadi za matibabu, yangu na ya Imali. Mapafu ni safi. Dawa tumemaliza zote, hadi kidonge cha mwisho. Asante Mungu wangu! Uliniponya mara ya kwanza kwa dawa nikakunyima nafasi ya kumaliza, na bado hukuchoka nami.

Kama uko hapa na umeficha dawa chini ya godoro kwa sababu ulishasema umepona, mpendwa, mtumaini Bwana ukiwa na kidonge mdomoni. Hataona haya. Kile kitabu kisicho na jalada kimo sandukuni, kiazimeni, kisomeni nyumba kwa nyumba, ukurasa ule wenye picha umechakaa lakini unasomeka. Asiyejua kusoma na abishe mlangoni kwangu. Nitamsomea hata mara tatu, na sitakasirika.

Sasa pigeni makofi. Mpigieni Mungu, kisha mpigieni Mama Njeri, yule pale nyuma anayejifunika uso kwa khanga. Imali, njoo usimame na mama. Wimbo naanzisha mimi, na leo nitafika nao mpaka mwisho.