Mzee Ngumbao na Jiwe Lililogoma Kuzunguka

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Ngumbao Randu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya duka la Shantilal, hapa Malindi. Mimi Mbeyu, niliyefundishwa naye kushika bisibisi, nimeombwa niandike wasifu wake. Nimekubali, ingawa tangu Februari roho yangu haijatulia.

Alitoka Jilore mwaka 1994, akaajiriwa kupakia mizigo. Wiki ya pili, marehemu Shantilal alimkuta amelifungua pangaboi la ofisini, vipande vimetapakaa sakafuni. Angefukuzwa siku hiyo hiyo, lakini pangaboi lilirudi darini likizunguka kimya kuliko lilipokuwa jipya. Tangu hapo hakuna chombo kilichosalimika mikononi mwake: pasi, blenda, hata saa ya ukutani ambayo haikuwa mbovu. Msibani huinuka mkekani kwenda kuangalia jenereta ya watu.

Januari, Bhavesh, mwanawe Shantilal na tajiri wetu wa sasa, alileta oveni za piza za nyumbani, za gesi na bei nafuu, zenye jiwe linalozunguka ili piza iive pande zote. Mwezi haukuisha zikaanza kurudi. Wa kwanza kurudisha yake alikuwa Nelly, anayewapikia wageni wanaokuja kutazama korongo la Marafa. Jiwe lake lilizunguka dakika tatu likagoma. Piza ikaungua upande mmoja na wa pili ukabaki mbichi. Alituuliza kama tunauza oveni ama tunauza fedheha.

Februari Bhavesh alisema wazi kwamba zisipotengenezeka kabla Mzee hajaondoka, karakana itafungwa igeuzwe stoo. Na hata zikitengenezeka, lazima awepo mwingine anayeweza kuzitengeneza peke yake. Macho yote yakanigeukia mimi.

Mzee aligundua upesi kwamba mota ilikaa karibu mno na moto. Kwanza akafunga mota ya waipa ya gari; jiwe likaenda mbio, piza ikaruka na kutua kwenye sari ya Motiben, mama yake Bhavesh, aliyekuja kuchungulia. Kosa la pili lilikuwa letu sote. Hakuna kati yetu aliyewahi kuoka piza, basi tukalipaka jiwe samli, kama kikaango cha chapati. Jiwe likainywa yote, moshi ukajaa dukani na wateja wakatoka mbio. Motiben akarudi, safari hii amejifunga shuka juu ya sari, akamweleza Mzee kwa upole kwamba jiwe halitaki samli, linataka kunyunyiziwa unga mkavu tu. Mzee akaitikia naam, Mama, kama mwanafunzi wa chuoni.

Mota iliyofaa ilitoka kwenye maikrowevu mbovu, ile inayozungusha sahani polepole. Mzee aliishusha chini, akaiwekea mhimili mrefu, akakinga joto kwa bati alilokata kwenye debe. Siku nyingine jiwe huanzia kushoto, siku nyingine kulia, lipendavyo lenyewe. Piza haijali.

Oveni zilizofuata alinipa mimi. Nikikosea, alizunguka meza, akahema, akajikuna kichwa, lakini hakunipokonya bisibisi. Nadhani hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Jumanne iliyopita Bhavesh alimtuma Mzee Kilifi kuchukua vipuri, kisha akaniwekea oveni mezani na kuvuta kiti. Niliangusha nati mbili. Nikafunga, nikawasha. Dakika tatu zikapita. Tano. Kumi. Jiwe lilikuwa linazunguka. Bhavesh alikula vipande viwili vya piza, halafu akaagiza kibao cha karakana kipakwe rangi mpya. Nililia na kucheka pamoja, sioni haya kusema.

Jana fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliniambia kwamba Mzee hakwenda Kilifi moja kwa moja asubuhi ile. Alikuwa kibarazani kwa fundi huyo, akienda na kurudi, macho kwenye mlango wetu, mpaka aliposikia nacheka. Hapo ndipo alipoondoka kufuata vipuri.

Mzee Ngumbao, karakana nzima inakushukuru kwa miaka yako yote. Mimi nakushukuru zaidi kwa asubuhi ile ambayo hukuingia. Tunakuombea afya, raha na baraka tele huko Jilore. Jumatatu mlango nitaufungua mimi.