Mama Kurasa na Mazungumzo ya Wazazi Aliyoyatunza

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki mliofika kutoka karibu na mbali, kwa niaba ya familia inasomwa hapa safari ya maisha ya dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kurasa, jina alilolikataa mwanzoni, akalizoea, na mwishowe akawa ananuna ukimwita kwa jingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi seremala na muuguzi wa zahanati, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akamaliza sekondari mwaka 1978, akiwa hodari wa lugha na mzito kupindukia wa hesabu, kisha akasomea uhazili, na Februari 1981 akaajiriwa katika ofisi ya wapima ardhi, alikoanza na taipureta ya chuma na kustaafu mwaka 2016 akiwa mbele ya kompyuta.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, aliyeitwa ofisini kutengeneza jokofu moja, akawa anarudi kulikagua kila wiki ingawa lilikuwa limepona zamani. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1989 na wa kike mwaka 1996.

Mwaka 2004 binti huyo, akiwa na miaka minane, alianguka kifafa mezani mbele ya familia nzima, na mama mkwe wa marehemu, kwa mapenzi yake yote, akakimbilia kijiko ili akitie katikati ya meno ya mjukuu, kama alivyofundishwa na wakubwa wake. Marehemu hakujua la kufanya, na kutojua huko kulimtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Ndipo alipopata, kwenye kompyuta ya ofisini, jukwaa la wazazi wenye watoto wa kifafa, na humo baba mmoja alikuwa ameeleza kwa utulivu kwamba mtoto alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumuumiza, na kinywani asitiwe kitu chochote. Alirudi nyumbani mbio kumweleza mama mkwe, naye akamuuliza, "Hao watu wa kwenye kioo unawajua, mwanangu? Watoto wao umewaona?"

Kesho yake, kwa ruhusa ya mkuu wake wa kazi na kwa karatasi alizokuja nazo mwenyewe, alichapisha mazungumzo yale, maswali na majibu, akampelekea. Bibi alivaa miwani, akasoma taratibu mpaka mwisho, akasema, "Huyu baba kaandika kama mtu aliyempakata mwanawe." Binti alipoanguka tena, bibi ndiye aliyemgeuza ubavu.

Tangu hapo marehemu akawa anahifadhi kila mjadala uliomgusa na kuuchapisha baada ya saa za kazi, mpaka mkuu wake akawa anamtania, "Mama, hii printa inakohoa kuliko mimi." Alisoma kurasa hizo jikoni na kwenye foleni ya kliniki, akapanga mafaili, na mengine akayaacha kwenye benchi la kliniki ili wazazi wasio na mtandao wajisomee.

Familia imeona isifiche lililotokea mwaka 2010, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Mama mmoja alifungua faili pale kliniki, akakuta maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika jukwaani mwanawe alipokuwa anazidiwa, na mtoto huyo alikuwa ameshafariki. Alimkabili marehemu mbele ya watu, akamwambia, "Nililia kwa wenzangu, sikulia kwa benchi. Nani kakuruhusu?" Marehemu hakujitetea. Alisema tu, "Hakuna, dada. Nisamehe," akatoa kurasa zote za mama yule, na za akiba zilizokuwa nyumbani, akamkabidhi bila kubakiza hata moja, kisha akakusanya mafaili yote na kuwaandikia wazazi wengine mmoja mmoja kuwaomba idhini, na waliokataa akawaondolea yao.

Miaka miwili baadaye jukwaa lilifungwa bila taarifa, na mazungumzo yote yakapotea. Mama yule alikuja mlangoni kuuliza kama ipo nakala iliyosalia, kwa sababu zile kurasa alizichana siku ile ile kwa hasira, na sasa hakuwa na neno hata moja kuhusu miezi ya mwisho ya mwanawe. Marehemu naye hakuwa nalo, maana alikuwa amemkabidhi zote. Basi akaleta mafaili yaliyobaki, wakaanza kusoma majibu ya wazazi wengine, na katika majibu hayo mtoto alikuwemo: mmoja alifurahi kusikia kwamba amekula, mwingine alicheka jinsi alivyomfichia daktari viatu, mwingine aliuliza kama bado anaimba akioga. "Nilikuwa nimesahau kwamba aliimba," mama yule alisema, akalia, wakaendelea kusoma. Kuanzia siku hiyo wakawa ndugu.

Marehemu aligundulika na ugonjwa wa moyo mwaka 2022, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, akalazwa mara ya mwisho Mei 2024, na tarehe 9 Juni asubuhi akaaga dunia, mumewe akiwa amemshika mkono, na mama yule akiwa kando akimsomea. Ameacha mume, wajukuu watatu, na watoto wawili, akiwemo binti yule, ambaye leo ni mwalimu wa chekechea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani ambao hawakuacha nyumba yetu ipoe, wapima ardhi aliofanya nao kazi, na wazazi wote waliomruhusu atunze maneno yao.

Dada yetu, umewasomea wengi, sasa tulia. Pumzika kwa amani.