Nesi Aliyemwambia Mumewe Akalale

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, kifungua mimba wa seremala na mkunga. Shule alianza kwa kuchelewa, kwa sababu bibi yetu alikuwa amepooza, na dada hakukubali mtu mwingine ashike kijiko cha kumlishia. Mwaka 1974 alihitimu uuguzi.

Alihudumu wodi ya wazee, kisha akawa anawafuata wagonjwa majumbani, na mwisho aliongoza nyumba ya kulelea wazee hadi alipostaafu mwaka 2012. Wenzake walimwita Mama Geuza, maana hakuweza kupita kitanda cha mzee asiyejiweza bila kumgeuza, asije akaota vidonda kwa kulalia ubavu mmoja. Mzee akihamishwa, dada alimsindikiza na kumkabidhi kwa mdomo: huyu sikio la kushoto halisikii, yule usimguse kabla hajanywa chai.

Tarehe 20 Desemba 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani. Shemeji husimulia kwamba mchana mmoja alijinyoosha kwenye kochi, akashtuka anageuzwa na kuwekewa mto mgongoni. Alipouliza anaumwa nini, dada alicheka hadi machozi yakamtoka.

Mwaka 2021 dada alipatwa na kiharusi, upande mmoja ukafa ganzi. Shemeji aliapa kwamba hatamwachia mtu. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza, mpaka siku moja mgongo ukamshinda wakaanguka wote wawili bafuni. Februari mwaka huu tukampeleka dada katika nyumba ile ile aliyoiongoza. Shemeji alijiona amemtupa mkewe. Aliwaambia wauguzi, "Msimwite bibi. Mwiteni nesi." Kisha akakaa kando ya kitanda, asibanduke.

Tarehe 4 Machi, baada ya chakula cha mchana, dada alimwambia kwa ulimi mzito, "Baba watoto, nenda nyumbani ukalale. Hapa niko mikononi mwa wenzangu." Shemeji alibisha, dada akamkazia macho kama alivyozoea kuwakazia wauguzi aliowafunza kazi. Akaenda. Saa kumi jioni dada alikata roho, muuguzi wa zamu akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na sisi wadogo zake. Tangu siku ile shemeji anajilaumu, na inatuuma kumwona. Basi tunawaomba, ndugu waombolezaji, mkimpa mkono wa pole, mtu asimuulize alikuwa wapi. Alikuwa amelala, kama nesi alivyomwagiza.

Dada yetu apumzike kwa amani, na shemeji naye apate usingizi.