Mpira Uko Kwenu: Neno la Kina Mama Kwenye Ufunguzi wa Daraja la Ha Sekantši

Chifu wetu, Morena Letuka, Mheshimiwa Diwani Phakiso, Ndugu Mhandisi Tšeliso uliyetoka wilayani na viatu vyako vizuri, Mwalimu Mkuu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi kina mama wenzangu mliobeba mawe ya daraja hili vichwani: amani iwe nanyi.

Mimi ni mama yake Bokang. Niliishia darasa la nne, na ratiba imenipa dakika tano za kushukuru. Nitashukuru. Ila mtanisamehe nikigeuka kila mara kuwatazama watoto, maana wamekaa karibu mno na daraja, na daraja letu, kama mnavyoliona, limekamilika kila kitu isipokuwa vyuma vya kushika pembeni.

Tumelisubiri miaka sita. Katika miaka hiyo nilijifunza msemo mmoja wa Kiingereza ambao wakubwa wanaupenda kama mbuzi anavyopenda chumvi: mpira uko upande wako. Naambiwa Wazungu waliutoa kwenye mchezo wa watu wawili wanaopigiana kimpira juu ya wavu. Akikurushia, zamu ni yako. Ni msemo mzuri. Nani angedhani una kazi nyingi kuliko beseni?

Karani wa halmashauri ndiye aliyetufundisha, kwa barua. Bokang akanisomea: "Tumepokea ombi lenu. Mpira sasa uko upande wenu."

Nikamwuliza, "Maana yake wamekubali?"

"Hapana, mama. Maana yake usirudi tena."

Nilirudi. Mhandisi alipousema yeye, ulimaanisha mawe, nasi tukayaleta mpaka shingo zikaingia mabegani. Mheshimiwa Diwani, mtu mwenye ukarimu wa maneno, aliutupa kwetu mara mbili: kabla ya uchaguzi ulimaanisha nipeni kura, na baada ya uchaguzi ulimaanisha mlinipa lini? Hata mume wangu kule machimboni aliudaka. Nikimpigia simu kwamba paa linavuja, anajibu, "Mpira uko kwako, mama Bokang." Huo ulimaanisha panda mwenyewe. Nilipanda.

Lakini nisiwacheke wengine, kwa sababu na mimi niliutumia. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, mto ulikuwa umejaa na ilikuwa siku ya mtihani. Bokang alisimama mlangoni na sare yake.

"Mama, nivuke au nisivuke?"

Nilikuwa nakoroga uji. Nikisema vuka, mto ni wangu. Nikisema usivuke, mtihani ni wangu. Nikamwambia, "Umeshakuwa mkubwa. Mpira uko kwako."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Maji yalimchukua hadi kwenye miti ya Ntate Khauta, mzee yule pale mwenye blanketi la kahawia, ambaye alimvuta kwa fimbo ya kuchungia. Mkono ulivunjika mahali pawili. Mtihani ukampita. Nilipofika hakulia, aliniambia tu, "Nilidhani unataka nivuke."

Ndugu zangu, nimesikia maana nyingi za msemo ule, lakini siku hiyo niliyaona matumbo yake. Anayeusema ameogopa, basi.

Sasa, vyuma. Viko. Vimelala kwenye ghala nyuma ya ofisi ya halmashauri, nimevigusa kwa mikono hii. Mwenye ghala anasubiri sahihi ya Mhandisi. Mhandisi anasubiri sahihi ya Diwani. Nami wiki iliyopita nilimfuata Diwani, akanijibu kwa upole wake wote: "Mama, daraja ni la jamii. Mpira uko kwa jamii." Asante, Mheshimiwa. Jamii imekaa ikafikiri.

Nyote mnajua desturi yetu ya letsema, kazi ya pamoja. Pombe hupikwa, lakini kata ya kuchotea haizami mtungini mpaka kazi iishe. Si chifu, si mgeni, hakuna anayeruka hilo; marehemu baba yake Morena alisubiri ukuta wa zizi siku mbili, na koo lake tunalikumbuka. Pombe ya leo nimeipika mimi. Imeiva, harufu yake mnaisikia tangu salamu. Jana nilimwuliza Morena kama kazi ya daraja imekwisha, akasema, "Mama Bokang, daraja lisilo na pa kushika ni gogo." Basi nikaifungia pombe ndani, na ufunguo uko kifuani, ambako hakuna kiongozi atakayeutafuta.

Utepe nao ni mzuri, mwekundu. Lakini ukikatwa tu, watoto wa darasa la kwanza watavuka wakikimbia, kwa sababu hawajui kutembea. Mwalimu Mkuu ameandika barua ya mistari miwili ya kutoa vyuma ghalani. Inataka majina mawili, na wenye majina wamekaa kiti kwa kiti. Gari la Mhandisi lina nafasi ya vyuma. Wanaume wamekuja na spana, niliwaomba. Ghala si mbali.

Naona Mhandisi anamtazama Diwani, na Diwani anamtazama Mhandisi. Msitazamane, baba zangu. Tazameni pale, watoto wanavyochezesha miguu ukingoni. Bokang, warudishe nyuma wadogo, washike mikono. Hakuna wa kuvuka leo kabla ya chuma.

Mwalimu, mpe kalamu aliye karibu.

Nakushukuru, Mhandisi, kwa kuinuka. Nakushukuru na wewe, Mheshimiwa, nitakushukuru zaidi ukishaandika. Asanteni nyote kwa kunisikiliza mama asiyesoma. Nimemaliza, na kwa ruhusa ya Morena nitakaa chini hapa hapa, mbele ya utepe, mpaka gari lirudi.